Jiwe la Gitambi kwa Tantine Nabintu

Mucyo alikuwa na ugonjwa mmoja tu, na mama yake alishakata tamaa ya kuutibu: hakuweza kuona kitu kimefungwa akakiacha hivyo hivyo. Redio, saa, tochi, kufuli, hata barua za watu. Kule Kadutu, Bukavu, alikozaliwa na kukulia, aliifungua saa ya ukutani ya padri akiwa na miaka tisa. Aliirudisha ikitembea, hakuna wa kubisha, ila mishale ilitembea kinyumenyume, na padri akasema huyu mtoto ama atakuwa fundi ama atakuwa mwanasiasa.

Familia iliporudi Rwanda na kukaa Kamembe, Mucyo akaona heri ugonjwa umlishe. Akafungua kibanda cha kutengeneza redio karibu na soko. Miaka ile mtu aliweza kulala bila mboga lakini si bila habari. Vita ya kwanza ilipita ng'ambo, ya pili ikaja ikakaa kabisa, na kila nyumba ilitaka kusikia nani ameshika wapi. Kazi, kwa hiyo, haikumpungukia. Kilichompungukia, mwaka huo wa 2001, ni mke. Na njia ya kumpata ilipita katikati ya meza ya vitenge ya Tantine Nabintu.

Tantine Nabintu alikuwa mama wa Bukavu, mnene wa mwili na mwembamba wa subira. Kila asubuhi alivuka daraja la Ruzizi, pale mpakani, na mizigo yake ya vitenge, akauza Kamembe, jioni akarudi kwake. Alikuwa amemlea Chloé, binti wa marehemu kaka yake, tangu akiwa na meno ya maziwa. Chloé ndiye Mucyo aliyemtaka, na Chloé hakuwa amekataa. Ng'ombe wa mahari walishakubaliwa. Wazee wa Mucyo walishapanga kuvuka kwa posa Jumamosi ya wiki iliyofuata. Lakini kwa desturi ya Bashi, kabila la Tantine, shangazi asipofungua mlango, wazee wanaweza kubisha hodi mpaka vidole viote sugu.

Jumatatu, Tantine alikuja kibandani kuchukua redio yake. Akakaa juu ya benchi, benchi likalalamika.

"Mucyo. Ngombe nimekubali. Lakini ngombe ni majani yenye inatembea. Majani hata kwetu iko. Mi nataka kitu ingine."

"Sema, Tantine."

"Miaka yote hii naangalia bintu binavuka daraja. Dhahabu inatoka kwetu, inavuka. Koltani inavuka. Mbao inavuka. Bantu ya bunduki balinibebea hata kioo ya kabati, sijui balikuwa banataka kujiangalia nini na zile sura. Sasa na mutoto anavuka. Sikatai, anakupenda, ni bahati mbaya yake. Lakini siku moja tu, kitu kimoja kivuke kwa upande ule mwingine. Uniletee pete yenye kitu udongo yenu imezaa. Si ya kununua Bujumbura. Ya hapa."

Mdomo wa Mucyo ulikuwa na tabia ya kufika kabla ya yeye mwenyewe. "Tantine, hiyo ni kazi ndogo. Huku kwetu tuko na jiwe ya buluu. Safire. Buluu kupita ziwa."

"Umeiona?"

"Kwa haya macho."

Chloé, aliyesimama mlangoni na kitenge begani, aliuma mdomo asicheke. Alijua vizuri kwamba Mucyo akisema "kwa haya macho" maana yake amesikia redioni.

"Bon," akasema Tantine akinyanyuka. "Ijumaa ya wiki kesho niione juu ya meza yangu. Isipokuja, Jumamosi wazee yako batakuta mulango umefungwa, na mi nitakuwa ndani nakunywa chai."

Walipoondoka, Mucyo alibaki akiangalia waya wa redio mkononi. Alikuwa amesikia habari za mawe hayo, ndiyo. Watu walisema yanatoka mabondeni, upande wa Gitambi na kwingineko. Lakini jiwe lenyewe hakuwahi kuliona hata kwa picha. Ajabu ni kwamba hofu ya kumkosa Chloé haikuwa peke yake moyoni. Pembeni yake ilikaa hamu ndogo ya kitoto, kama muwasho: jiwe linatokaje kwenye matope likawa kitu cha kuvaa kidoleni? Nani analifungua?

Kesho yake akapanda Gitambi kwa Niyomugabo, mkulima aliyekuwa ameleta redio yake kutengenezwa mwezi mzima uliopita. Mucyo aliibeba redio chini ya kwapa kama kuku wa zawadi.

Alimkuta Niyomugabo kijitoni, suruali imekunjwa mpaka gotini. Shamba la migomba liliishia hapo, na kando ya maji kulikuwa na mashimo, mengine yamejaa maji, mengine mapya.

"Safire iko wapi?" Mucyo akauliza hata kabla ya salamu kuisha.

"Umezikanyaga tangu pale kwenye mugomba."

Mucyo akatazama viatu vyake. Matope, na kokoto.

Niyomugabo hakuwa mtu wa maneno, alikuwa mtu wa kuonyesha. Alishuka kwenye shimo lililomfika kifuani. Juu palikuwa na udongo mwekundu wa kulima, chini yake udongo wa kijivu unaonata kama ugali mbichi, na chini kabisa, tabaka la kokoto. Ni hizo kokoto alizozitaka. Alizitia kwenye kichungio cha waya, akaingia nacho kijitoni, akaanza kukichezesha: anakizungusha, anakitikisa juu chini, anakizungusha tena. Matope yakaenda na maji.

"Mbona unatikisa hivyo?"

"Jiwe nzito inatafuta chini. Kila kitu nzito inatafuta chini, katikati. Hata bantu."

Kisha akatoka na kichungio na kukipindua juu ya gunia kwa mpigo mmoja, kama mama anavyopindua ugali kwenye sahani. Kokoto zikakaa duara, na kile kilichokuwa chini sasa kikawa juu. Pale katikati, juu ya kokoto za kawaida, palikuwa na punje tatu nyeusi.

Mucyo akaokota moja. Ilikuwa nzito kuliko ukubwa wake, imelambwalambwa na maji, na nyeusi tititi.

"Mzee, hii ni makaa."

"Nami nilisemaka hivyo miaka mingi. Batoto yangu bazichezeshaga igisoro. Zilikuwa zinatosha vizuri ndani ya vile vishimo vya ubao. Siku moja muntu mmoja akapita, akaona batoto banacheza, akatoa tochi. Tangu siku ile batoto banachezesha mbegu."

Fundi wa redio hakosi tochi. Mucyo akaitoa, akaiwasha, akaliweka jiwe juu ya kioo chake na kulifunika kwa kiganja ili jua lisiingilie. Katikati palibaki giza. Lakini ukingoni, pale jiwe lilipokuwa jembamba, palitoka utepe wa buluu, buluu ya wino wa kalamu ya shule, safi, kama mtu aliyejificha nyuma ya mlango akasahau kidole nje. Mucyo alitazama mpaka kiganja kikapata joto.

"Zinaendaga wapi?" akauliza hatimaye.

"Munyabiashara anakuja, anazipima kwa kilo kama maharagi. Zinapanda ndege. Banasema kule mbali kuko tanuru, banazipika mpaka ule weusi unapungua." Niyomugabo akanawa mikono. "Mi sijaonaga hata moja ikirudi huku imekuwa pete."

Kwa matengenezo ya redio, Mucyo aliruhusiwa kuchagua moja kwenye kopo. Alichagua kubwa kuliko zote, ya ukubwa wa haragwe lililovimba kwa maji. Niyomugabo alimtazama akichagua, akataka kumwonya, kisha akageukia redio yake. Redio ilikuwa imeanza kuimba, naye alikuwa ameikosa mwezi mzima.

Mkata mawe alikuwa mmoja tu Kamembe nzima, naye ni Mzee Ciza. Ujanani alifanya kazi Bukavu kwa sonara Mgiriki. Mgiriki alipoondoka alimwachia chombo chake, na vita ilipokuja Ciza alivuka mpaka na chombo hicho kichwani, watu wengine wakiwa wamebeba magodoro. Kilikuwa sahani ya shaba iliyolala, inayozungushwa kwa pedali ya cherehani. Cherehani yenyewe haikuwepo tena, ilibaki miguu tu.

"Jiwe hii hakuna kitu inaikata," akasema Ciza akiligeuza juu ya kiganja. "Chuma haiwezi. Musasa inalia. Kuko kitu kimoja tu." Akatoa kichupa cha dawa ya macho chenye ungaunga wa kijivu chini. "Almasi ya Kasai, ile mbovu yenye hainunuliwe, imesagwa. Unachanganya na mafuta, unapaka ku sahani."

"Kwa hiyo Mukongomani ndiye anafungua Munyarwanda."

"Kama kawaida, ndugu yangu. Kwanza angalia hapa."

Aliwasha taa, akaliweka jiwe mbele yake kwa koleo. "Kwa huu upande?"

"Kijani. Kama chupa ya bia."

Akaligeuza robo. "Na sasa?"

Mucyo akasogeza kichwa mpaka karibu aguse taa. Jiwe lile lile, taa ile ile, na sasa lilikuwa buluu.

"Iko na njia mbili ya kuangaliwa," akasema Ciza. "Mukataji mujinga anaiweka vibaya, inakupa chupa. Mi naiweka vizuri, inakupa buluu. Ila sikiliza. Jiwe ya hapa kwetu ni nyeusi kwa sababu ni buluu sana. Ni kama chai: ndani ya sufuria ni nyeusi, ndani ya kijiko unaona rangi. Nikikata kidogo na nyembamba, unapata buluu. Nikiacha kubwa, unapata kifungo ya koti."

"Utapunguza ngapi?"

"Robo tatu inaenda na maji."

Hapo Mucyo akafanya hesabu ya watu wa kwao, ambayo si ile ya shuleni. Tantine alitaka kuona kitu juu ya meza. Wazee watakaa mbali, wengine macho yao yamechoka. Jiwe dogo kama punje ya ulezi, nani ataliona? Watasema ameleta pete yenye jeraha. "Acha kubwa," akasema.

"Umesikia vile nimesema?"

"Nimesikia, Mzee. Acha kubwa. Ile buluu nitabaeleza."

"Utabaeleza," Ciza akarudia polepole, kama mtu anayeonja chakula kilichoungua.

Ilichukua siku tatu. Mucyo alikuja kila mchana kutazama: jiwe limegandishwa kwa nta kwenye ncha ya kijiti, kijiti kinainamishwa juu ya sahani inayozunguka, uso mmoja mdogo unazaliwa, kijiti kinageuzwa kidogo, uso mwingine. Aliuliza kwa nini nta na si gundi, kwa nini shaba na si chuma, na mkono unajuaje umeinama kiasi gani. "Unaulizaka kama askari gendarme mwenye anasimamisha magari ku barrière," akasema Ciza, "na hata gendarme ukimupa kitu ananyamaza." Siku ya tatu jiwe likawa tayari. Lilikuwa kubwa, laini, linametameta kila upande. Na lilikuwa jeusi kama jicho la mbuzi.

Mucyo akajiambia kwamba akiliinamisha hivi, kwenye jua, huku amefumba jicho moja, buluu ilikuwepo.

Dhahabu ilitoka kwa mama yake. Mama Mukankusi alikuwa na hereni moja, iliyonunuliwa Bukavu siku za usichana wake. Ya pili ilipotea njiani wakati wa kurudi, wala hakuna aliyejua ni mlima gani ulioivaa. "Chukua," akasema. "Hii inanikumbushaka tu ile yenye ilipotea. Iende ifanye kazi."

Sonara, Papa Birindwa, alikuwa na meza yake nyuma ya duka la viatu. Alikuwa amefua pete za harusi za nusu ya Bukavu, zote za duara tupu, kwa maana watu walitaka dhahabu, hawakutaka mapambo. Aliiyeyusha hereni kwenye kipande cha mkaa, akipuliza moto wa taa kwa kibomba cha shaba, mashavu yamevimba kama mpiga tarumbeta. Akaivuta ikawa waya, akaizungusha, akaiunga, akaitumbukiza ikiwa moto ndani ya bakuli la maji yenye tone la asidi ya betri. Chwaa. Ikatoka njano na safi. Kisha akajenga ukingo mdogo juu yake, akakalisha jiwe, akaukunja ukingo kwa chuma butu, taratibu, mpaka jiwe likashikwa.

Shida ilikuwa kipimo. Mucyo alikuwa amempima Chloé kwa siri, siku walipotembea pamoja, kwa kulinganisha kidole chake kidogo na kidole cha pete cha Chloé. Kwa mapenzi alikiona cha Chloé kinene kuliko kilivyokuwa. Jumanne ya wiki ya pili, Chloé alipopita kibandani na kuijaribu, pete ilizunguka kidole kama bangili kwenye kijiti.

"Hii ni ya kidole au ya mukono?" akauliza Chloé. Kisha akaitazama vizuri, na kicheko kikamtoka usoni. "Mucyo. Ulisema buluu."

"Iko buluu. Inama hivi. Fumba jicho."

"Tantine hafumbaka jicho," akasema Chloé, na aliondoka bila kumtania tena, jambo lililomtisha Mucyo kuliko maneno yote.

Akakimbia kwa Birindwa pete ipunguzwe. Ilibidi kukata duara kwa nyuma, kutoa kipande, kuunga upya kwa moto. Na jiwe lilikuwa tayari limeshakaa. Birindwa alifikiri, akachukua kiazi kibichi, akakipasua, akachomeka pete upande wa jiwe ndani ya kiazi. "Maji ya kiazi italinda jiwe. Mwalimu wangu alifanyaga hivi." Akapuliza. Dhahabu ikawa nyekundu upande wa juu, kiazi kikatoa mvuke chini, kiungo kikayeyuka na kushika, vizuri kabisa.

"Papa Birindwa," akasema Mucyo, aliyekuwa ameinama karibu mpaka nyusi zikanusa moto, "kwa nini ni kiazi na haiko muhogo?"

"Muhogo iko na nyuzi," akajibu Birindwa akigeuka kumtazama, na mkono wake, ambao miaka ishirini na nane ulifanya jambo lile lile kila kiungo kiliposhika, haukungoja ruhusa. Uliichomoa pete kwenye kiazi na kuitumbukiza bakulini.

Chwaa. Halafu, ndani ya maji, sauti ndogo: tik.

Wote wawili walitazama bakuli. Birindwa akaingiza koleo, akatoa pete. Ukingo ulikuwa na kipande kimoja tu cha jiwe. Vingine viwili vilikuwa chini ya maji, na vumbi jeusi.

"Dhahabu haikataake maji," akasema Birindwa kwa sauti ya mtu anayejieleza mbele ya mahakama. "Hata siku moja. Mkono yangu haijui mawe." Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. "Nisamehe, mwanangu."

Zilibaki siku tatu. Mawazoni Mucyo alimwona Tantine akinywa chai. Aliona wazee wake wamesimama nje kwenye jua na makoti yao. Kwa sababu mikono yake haikujua kukaa bure, aliviokota vipande na kuvikausha kwa shati. Kimoja kilipasuka bapa, chembamba kama ganda la yai. Alikiinua kati ya vidole viwili kukitazama kabla ya kukitia mfukoni, na dirisha lilikuwa nyuma ya kipande hicho.

"Papa Birindwa," akasema taratibu. "Angalia."

Hakuhitaji kuinamisha, hakuhitaji kufumba jicho. Kipande kilikuwa buluu chote.

Mzee Ciza alipokiona hakusema "nilikuambia." Alivuta tu pumzi ndefu puani, ambayo ilikuwa na maneno hayo yote. Alikaa kwenye pedali siku mbili, na safari hii sehemu kubwa ilienda kweli na maji. Kilichobaki kililingana na punje ya mchele iliyokatwa katikati. Ijumaa asubuhi Birindwa alitengeneza ukingo mpya, akamaliza kazi yote ya moto kwanza, akaiacha pete ipoe yenyewe juu ya matofali, ndipo akakalisha jiwe. Mucyo aliruhusiwa kutazama kwa sharti moja: kama angeuliza swali hata moja, angetolewa nje. Ilikuwa saa moja ngumu kuliko zote maishani mwake.

Saa sita mchana pete ilikuwa juu ya meza ya Tantine Nabintu, kati ya vitenge viwili. Chloé alisimama pembeni akikunja kitambaa ambacho tayari kilikuwa kimekunjwa.

Tantine aliichukua. Hakufumba jicho. Aliipeleka kwenye jua, akaigeuza, na kitone kidogo cha buluu kikamrukia usoni.

"Iko kadogo," akasema.

"Iko kadogo," Mucyo akakubali.

"Na dhahabu?"

"Ya herini ya mama. Ilinunuliwa Bukavu."

"Basi ni ya kwetu."

"Ni ya kwenu, Tantine. Na almasi yenye ilikata jiwe ni ya Kasai, na mukataji ni Mushi wa kwenu, na sonara ni wa Kadutu. Ya huku ni hii jiwe peke yake." Akasogea karibu na meza. "Na ilikuwa kubwa. Ilikuwa nyeusi, ikapasuka ndani ya maji. Siku ile nilikuambia nimeona kwa macho, nilikuwa sijaona."

Chloé aliacha kukunja. Tantine alimtazama Mucyo kama anavyotazama noti mpya.

"Maneno mengi," akasema. "Maneno mazuri. Nani ananihakikishia haukuinunua Bujumbura? Nipeleke kwenye inatoka."

"Sasa hivi?"

"Uko na kazi ingine?"

Walifika Gitambi saa nane na nusu. Niyomugabo alishangaa kumwona mama wa watu akivua viatu vya ngozi kando ya shimo lake, akikaza kitenge kiunoni na kuingia majini. Hakutaka kuonyeshwa. Alitaka kokoto kutoka shimo alilolichagua yeye, kichungio alichokishika yeye. Mara ya kwanza alikipindua vibaya, nusu ikamwagikia Chloé miguuni. Mara ya pili kokoto zilikaa duara, na katikati hapakuwa na kitu. Ya tatu, hakuna. Ya nne, chura.

"Huyu pia mutamukata?" akauliza Tantine, jasho likimtiririka.

Mucyo alikuwa ameinama kando yake akimsaidia kutoa matope, na mfuko wa shati lake ulikuwa karibu kabisa na kichungio. Ndani yake kulikuwa na kipande kimoja kilichobaki cha lile jiwe lililopasuka, kimefungwa kwenye karatasi. Ilihitaji vidole viwili tu. Tantine alikuwa ameangalia pembeni, akipangusa uso. Kipande kidondoke, kichungio kipinduliwe, mama apige kelele ya furaha, Jumamosi ifunguke. Vidole vya Mucyo viliingia mfukoni na kuigusa karatasi. Alipoinua macho alimkuta Niyomugabo anamtazama, bila hasira, kama vile anasubiri kujua.

Mucyo naye, ghafla, alitaka kujua. Alitaka kuona kijito kingempa nini mama huyu kikiachwa kiamue chenyewe. Akatoa vidole mfukoni vikiwa vitupu, akafunga kifungo cha mfuko, akasukuma kokoto.

Ya tano, hakuna. Ya sita, hakuna. Ya saba Tantine aliipindua vizuri kama mwenyeji, akachambua katikati kwa kidole, kokoto moja moja, akakuta kokoto. Akakaa juu ya gunia, miguu mbele, akihema. Mucyo alihesabu ng'ombe wake wa mahari wakirudi malishoni.

"Chloé," akasema Tantine mwishowe. "Unakumbuka yule muntu wa kwetu Nyawera, mwenye aliniuzia dhahabu ndani ya muchanga?"

"Nakumbuka, Tantine. Ulilia wiki mbili."

"Aliniambia, Maman, usiniamini miye, chimba mwenyewe. Nikachimba. Mara ya kwanza tu nikaokota, kubwa hivi. Ilikuwa shaba." Akaanza kukamua kitenge chake, maji mekundu yakichuruzika. "Mutapeli hawezi kukuacha urudi mikono mitupu. Hata siku moja. Mutapeli anakupaga haraka. Miye leo nimechekecha saba. Saba. Udongo imeninyima, na huyu mutoto amesimama hapo anatetemeka, na hajanitupia hata kamoja."

Akamtazama Mucyo, kisha mfuko wake uliofungwa kifungo, na Mucyo hakujua alikuwa ameona kiasi gani.

"Kesho Jumamosi bazee bakuje saa nne," akasema. "Bakule kabla ya kuongea, sipendake bantu ya njaa ndani ya nyumba yangu. Mulango itakuwa wazi."

Chloé aligeuka upande wa migomba, mabega yakimtikisika, haikujulikana kama ni kicheko au nini. Mucyo alifungua mdomo kushukuru, lakini Tantine alikuwa ameshanyanyuka. Jua lilikuwa bado juu ya kilima. Akakamata kichungio, akarudi majini, akamnyooshea Niyomugabo kidole kuelekea shimo la pili.

"Leta kokoto ya kule chini kabisa," akasema. "Moja tu. Nataka kuona."